Dakika Thelathini za Nani? Umbali na Muda wa Ndege kati ya Unguja na Pemba

Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa sekondari, Mwanga, Kigoma

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mliojinyima Jumamosi yenu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne: asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na kwa wale wa nyumbani kabisa, mwakeye.

Nimealikwa nizungumze juu ya hisabati katika kazi za anga, na mwalimu wenu wa jiografia ameniomba nisije na maneno matupu, bali nije na mfano mmoja ambao mwanafunzi anaweza kuukokotoa kwa kalamu yake mwenyewe. Nimechagua safari ya ndege ya kutoka Unguja kwenda Pemba. Huenda mnajiuliza kwa nini mtoto wa Ujiji, mwenye ziwa zima mbele yake, aende kutafuta mfano baharini. Sababu ni kwamba kazi yangu ilikuwa ya kupima hali ya hewa viwanjani, na kwa kuwa kazi hiyo ni ya Muungano, ilinipeleka Tabora, ikanirudisha hapa Kigoma, kisha ikanivusha maji hadi kiwanja cha Pemba, ambako nilikaa miaka sita na nikaoa huko huko. Safari ile naijua kwa kuisafiri na naijua kwa kuipimia upepo, nayo ni fupi vya kutosha kwa mtu kuikokotoa yote kabla wino haujakauka.

Tuanze na swali lenyewe. Ukimuuliza msafiri yeyote kwamba Unguja na Pemba ni mbali kiasi gani, atakujibu, “Nusu saa kwa ndege.” Wewe uliuliza umbali, yeye amekupa muda. Hata hapa kwetu mambo ni hayo hayo: nenda pale Kibirizi umuulize nahodha wa boti kwamba Gombe ni mbali kiasi gani, hatakutajia kilomita hata moja, atakutajia saa, tena ataligeukia ziwa kwanza kabla ya kukujibu. Simlaumu nahodha, maana yeye anajua kwamba jibu lake linabadilika na anaangalia kile kinacholibadilisha. Ninayemlaumu ni msafiri wa ndege, anayedhani kuwa nusu saa ni kitu kisichobadilika, kilichoandikwa katika ardhi kama jiwe la mpaka. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba umbali kati ya viwanja viwili ni namba moja tu, mtu yeyote anaweza kuipata, na haitabadilika wewe ukiwa hai. Lakini muda wa safari ni namba nyingi, na kila anayekutajia mojawapo anakuwa amechagua saa yake ya kuanzia na saa yake ya kumalizia.

Hata umbali wenyewe, kwanza lazima mtu aseme ni umbali wa wapi na wapi. Kutoka ncha ya kaskazini ya Unguja, upande wa Nungwi, hadi ncha ya kusini ya Pemba, ni kilomita 50 hivi za maji. Lakini ndege haitui kwenye ncha. Kiwanja cha kimataifa cha Abeid Amani Karume kiko kusini ya Mji wa Zanzibar, kwa hiyo ndege inayokwenda Pemba hulazimika kwanza kuupita karibu urefu wote wa Unguja kaskazini ya mji. Na kiwanja cha Pemba kiko katikati ya kisiwa, nje kidogo ya Chake Chake, kwa hiyo inapofika Pemba nusu ya kisiwa huwa imeshapita chini ya mabawa yake. Umbali wa viwanja hupimwa kutoka nukta moja rasmi ya kila kiwanja, ambayo kwa kawaida huwa karibu na katikati ya njia ya kurukia, hadi nukta kama hiyo ya kiwanja cha pili. Kwa hiyo mtu anayesema kilomita 50 na mtu anayesema kilomita 126 wanaweza wote wawili kuwa wakweli, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Sasa chukueni kalamu. Kiwanja cha Unguja kiko latitudo ya digrii 6 na dakika 13 Kusini, longitudo ya digrii 39 na dakika 13 Mashariki. Kiwanja cha Pemba kiko digrii 5 na dakika 15 Kusini, digrii 39 na dakika 49 Mashariki. Toeni, mkikumbuka kwamba dakika hizi si za saa bali ni sehemu za digrii, 60 katika kila digrii moja. Tofauti ya latitudo ni dakika 58. Tofauti ya longitudo ni dakika 36. Hapo ndipo wanamaji wa zamani walipotufanyia hisani kubwa, kwa sababu maili ya baharini haikuchaguliwa kiholela: ilitokana na urefu wa dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia, na leo imewekwa rasmi kuwa mita 1,852. Maana yake ni kwamba dakika 58 za latitudo ni maili 58 za baharini moja kwa moja, bila kuzidisha wala kugawanya chochote. Kwa longitudo inatakiwa uangalifu, kwa sababu mistari yake hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, na huna budi kuzidisha kwa kosini ya latitudo; lakini sisi tuko jirani mno na Ikweta, kosini ya digrii 6 inakaribia sana 1, na kwa umbali mdogo kama huu tunaweza kuichukulia dakika 36 kuwa maili 36 pasipo dhambi kubwa.

Tumepata pembetatu mraba: upande mmoja maili 58 kuelekea kaskazini, upande wa pili maili 36 kuelekea mashariki. Kanuni ya Pythagoras mnaijua tangu kidato cha pili. 58 kwa 58 ni 3,364. 36 kwa 36 ni 1,296. Jumla ni 4,660. Na kipeuo chake cha pili ni 68 na ushei. Maili 68 za baharini, mkizidisha kwa 1.852, ni kilomita 126 kasoro kidogo. Atakayetumia kompyuta, akaweka na sekunde za digrii, atapata kilomita 125 na kitu. Tofauti hiyo isimtie mtu wasiwasi: tulipokata sekunde tulikata sehemu ya dakika, na kila dakika moja ina karibu kilomita mbili ndani yake. Yule kijana wa nyuma aliyenyoosha mkono anauliza kama mviringo wa dunia tumeusahau. Hatukuusahau, tumeudharau, na kwa maili 68 unadharaulika. Kwa safari ya kutoka hapa Kigoma hadi Pemba, ambayo ni kilomita 1,125 hivi kwa mstari ulionyooka, ukiiacha kosini utakosea kwa kilomita tatu au nne, na hapo mwalimu wenu ana haki ya kukupunguzia alama.

Umbali tumeumaliza. Sasa tuje kwenye muda, ambako ndiko kwenye vurugu.

Ndege nyingi zinazofanya safari hii ni ndogo, za injini moja yenye pangaboi, hasa zile za aina ya Cessna Caravan zinazobeba abiria kumi na wachache. Ukiipanda utapimwa uzito wewe na mzigo wako. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimebeba migebuka ya kukausha kutoka hapa Kigoma kuwapelekea wakwe, na yule binti wa kaunta aliniweka juu ya mizani kama gunia, akaandika, kisha akauweka mfuko wa samaki, akaandika tena, halafu akaninusanusa kidogo na kuniuliza kama una harufu. Uzito huo si utani, kwani rubani anautumia kuamua nani akae mbele na nani akae nyuma. Siku ile mimi nilikaa kiti cha pembeni yake kabisa, nikawa naziona saa zake zote. Nilichokiona ndicho kilichonifanya nianze kuandika muda wa kila safari katika daftari.

Tuchukulie kwamba ndege ya namna hiyo, ikiwa juu na imetulia, inakwenda maili 170 za baharini kwa saa. Gawanyeni 68 kwa 170: ni saa 0.4, yaani dakika 24. Mbona basi tiketi inasema dakika 30? Kwa sababu ndege haianzi safari ikiwa juu na imetulia. Inaanza ikiwa imesimama mlangoni, inawasha injini, inasubiri ruhusa ya mnara, inatembea hadi mwisho wa njia ya kurukia, inaruka, na wakati wa kupanda mwendo wake huwa mdogo kwa mbali kuliko ule wa kusafiria. Halafu upande wa pili inapunguza mwendo mapema, inageuka kujipanga na upepo, inatua, inatembea tena hadi pa kuegesha. Watu wa ndege huhesabu muda kutoka gurudumu linapoanza kuondoka penye maegesho hadi linaposimama kwenye maegesho ya pili, nao ndio muda unaoandikwa katika ratiba. Rubani, akiwa nyumbani kwake, anaweza kukuambia kwamba Pemba ni dakika 24. Ratiba itakuambia 30. Wote hawajadanganya.

Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo huulizwa sana kule visiwani, kwamba kwa nini hawaletewi ndege kubwa yenye kasi ili wafike mapema. Ndege kubwa ya pangaboi mbili inayokwenda maili 270 kwa saa ingezimaliza maili 68 kwa dakika 15, mkigawanya karatasini. Lakini safari nzima ni kupanda na kushuka. Ndege ya namna hiyo ingefika mwendo wake kamili na papo hapo ianze kuupunguza, na faida iliyobaki ingeweza kuliwa yote na dakika za kupakia abiria wengi zaidi. Kiwanja nacho kina neno lake, kwa kuwa njia ya kurukia ya Pemba ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, nusu tu ya ile ya Unguja. Kasi inalipa katika safari ndefu. Katika safari fupi kinacholipa ni wepesi wa kuondoka. Na zipo fupi kuliko hiyo: huko Scotland, katika visiwa vya Orkney, kuna ndege ya ratiba kati ya kisiwa cha Westray na kisiwa cha Papa Westray, umbali wa kilomita 2.7 tu, safari ambayo imepangiwa dakika mbili, na upepo ukiwa mzuri imewahi kwisha kwa sekunde 53. Mtu anafunga mkanda na kuufungua. Wanatumia ndege ndogo yenye nafasi za abiria wasiofika kumi, na hakuna anayelilia jeti.

Nimeutaja upepo, na huo ndio ulionilisha miaka yote, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapo kidogo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha. Ndege hainyanyui tanga, lakini inaelea katika hewa ile ile, na hewa ikisogea ndege inasogea nayo. Njia ya Unguja kwenda Pemba inaelekea kaskazini na kuinama kidogo mashariki, kwa hiyo wakati wa kusi ndege husukumwa ikienda na huzuiwa ikirudi. Tuseme sehemu ya upepo inayosukuma kwa nyuma ni maili 20 kwa saa. Kwenda, mwendo juu ya ardhi unakuwa 190, na zile maili 68 zinakwisha kwa dakika 21 na nusu. Kurudi, mwendo unakuwa 150, na zinakwisha kwa dakika 27 na sekunde kidogo.

Jumlisheni. Wengi hudhani kwamba kilichopatikana kwenda kimepotea kurudi, kwa hiyo hesabu inalingana. Hailingani. Pasipo upepo, kwenda na kurudi ni dakika 48. Kukiwa na upepo ni karibu dakika 49. Upepo umekula sekunde 40 hivi, na hata ungegeuka kuwa kaskazi bado ungezila. Sababu yake ni nyepesi ukiitazama vizuri: ndege inakaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoizuia kuliko inavyokaa katika upepo unaoisaidia, kwa hiyo hasara inapewa dakika nyingi kuliko faida. Kila saa nilipotoka nje ya kibanda chetu pale Pemba kuutazama ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, kama umelala au umejaa, nilikuwa natazama dakika za watu. Na hilo ni upepo tu. Bado sijataja masika, wakati mawingu ya ngurumo yanaposimama juu ya mkondo kama ukuta na rubani mwenye akili anayazunguka badala ya kuyapasua, na maili 68 zinakuwa 80 au 90.

Nije sasa kwenye muda wa msafiri mwenyewe, ambao hauandikwi popote. Safari yangu moja niliyoiandika daftarini ilikuwa hivi: nilitoka nyumbani Unguja saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nikafika kiwanjani kabla ya saa moja, ndege ikaondoka saa mbili kasoro robo, ikatua Pemba saa mbili na dakika kumi na tano, nikasubiri mzigo, nikasubiri gari lijae, na nikaingia kwa wakwe zangu Wete saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika ishirini, na ndani yake ndege ni dakika 30. Hata hivyo sikuwa na la kulalamikia, kwa sababu aliyekwenda kwa meli alishushwa Mkoani, kusini kabisa ya Pemba, akiwa ameshapitia misukosuko ya mkondo wa Nungwi kwa saa kadhaa, na kwenda Wete alikuwa bado na safari ya kukipanda karibu kisiwa kizima.

Lipo tatizo jingine la muda, letu wenyewe sisi Waswahili, na hilo limemgharimu mtu wa nyumba yetu. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa, sisi tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri na jioni, na kati ya hesabu hizi mbili kuna saa sita. Baba yangu mdogo alitoka Ujiji kuja kwenye harusi yangu, akafika Unguja salama, akapewa tiketi ya Pemba iliyoandikwa 07:30. Akasoma saa saba na nusu. Akala chakula cha asubuhi bila haraka, akafika kiwanjani saa sita mchana akijisifu kwa kuwahi, akaambiwa ndege yake iliondoka tangu saa moja na nusu asubuhi. Ndoa ilifungwa pasipo yeye, na hadi anaingia kaburini alishikilia kwamba ndege ilimkimbia.

Mkisema ni uzembe wa mzee mmoja, niwaulize jambo ambalo ninyi wenyewe mnaliishi kila mwaka. Saa za Kigoma na saa za Pemba ni zile zile, saa tatu mbele ya Greenwich. Lakini kati yetu na wao kuna digrii 10 za longitudo na dakika kidogo, na kwa kila digrii moja jua hutumia dakika nne. Mkizidisha mtapata dakika 40. Mke wangu wakati wa Ramadhani humpigia simu mama yake Wete, na tunawasikia kule wameshafungua, wanakunywa uji, vikombe vinagongana, huku hapa Kigoma jua bado limekaa wima juu ya milima ya Kongo na sisi tunalitazama tu. Mtu wa Pemba akikuahidi kufika “magharibi”, muulize magharibi ya wapi.

Kwa upande wetu wa bara nitapita haraka. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,075 hivi. Reli ya Kati, iliyotufikia mwaka 1914, inazunguka kupitia Tabora na Dodoma na kuufanya umbali huo kuwa kilomita 1,250 hivi. Burton na Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, zaidi ya miezi saba kwa miguu na homa. Leo ndege ya pangaboi mbili inayokwenda kilomita 650 kwa saa inaumaliza umbali huo kwa saa moja na dakika 40 hewani, na hapa kasi ina maana, kwa kuwa muda wa kupanda na kushuka ni sehemu ndogo ya safari. Lakini ikipangiwa kutua Tabora njiani, hesabu inavunjika, maana utapanda mara mbili, utashuka mara mbili, na utakaa chini ukiwasubiri wenzako.

Nimemaliza yangu, na naona chai imeshaletwa dirishani. Kabla hamjainuka, andikeni kiwanja cha Mafia: digrii 7 na dakika 55 Kusini, digrii 39 na dakika 40 Mashariki. Nataka umbali wake kutoka kiwanja cha Unguja kwa maili za baharini na kwa kilomita, kisha muda wa hewani kwa ndege ile ile ya maili 170, wakati wa kusi yenye nguvu ya maili 20, na kumbukeni kwamba safari hii ndege itakuwa inaelekea kusini. Mwenye jibu aje nalo hapa mbele, na karatasi ioneshe njia.